Kitanda Kilichoota Weupe

Mvua ilikuwa imeushika mji ule wa kusini tangu Jumatano, na Ijumaa jioni, Msasa aliposhuka kwenye basi, ilikuwa bado haijaona sababu ya kukatika. Alishuka na mkoba mmoja, mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na maneno aliyoyapanga safari nzima ya kumwambia mumewe. Alikuwa amekuja kumrudisha nyumbani. Shughuli nyingine hakuwa nayo mjini pale, ingawa majirani waliomuuliza aliwajibu kwamba anakwenda kuwasalimia marafiki mwisho wa wiki.

Msasa si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mumewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu mbili: mikononi hakukosa kipande cha msasa, na ulimi wake nao ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Jina likashika, la kwanza likabaki kwenye vyeti. Mumewe alikuwa seremala, fundi wa kweli, si wale wa kupigilia misumari na kuomba Mungu, na mji mzima wa kwao ulimwita Fundi bila kuongeza neno. Kwa miaka kumi na tisa waligawana kazi katika karakana moja. Fundi alipima, akakata, akaranda, akaunga. Kitu kikishasimama, kiwe kiti au kabati, alikisukuma upande wa pili wa karakana, akaenda kuosha mikono, na kuanzia hapo kilikuwa cha Msasa: kukipiga msasa, kukipaka vanishi, kukingoja kikauke, kukipiga msasa tena. Hakuna aliyeingilia upande wa mwenzake. Fundi hakuwahi kushika kitambaa cha vanishi, na Msasa hakuwahi kugusa msumeno.

Miezi tisa nyuma Fundi alipata kazi kusini, vitanda na meza za bweni la chuo, kazi ya miezi mitatu. Mitatu ikawa mitano. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, kisha kila Jumapili, kisha akawa mtu wa kupigiwa, na akipigiwa anasema kazi imeongezeka, mbao zimechelewa, mvua za huku ni balaa. Siku moja Msasa alimuuliza vanishi anapaka nani, akajibiwa kwamba chuo kina watu wake. Msasa hakuwa mjinga. Alihisi, ila alijifanya hamnazo, kwa sababu jambo ukishalijua huna budi kulifanyia kitu. Lakini mwezi wa tisa binti yao, ambaye yuko kwa mumewe, alimwambia kwenye simu aende akamwone baba mwenyewe, na sauti ya mtoto ilikuwa na huruma ambayo Msasa hakuipenda hata kidogo. Kesho yake akafunga karakana.

Marafiki nao walikuwepo kweli, hawakuwa kisingizio. Nesi na mumewe Mwalimu walikaa nyumba ya ukuta mmoja na karakana kwa miaka kumi, kabla Nesi hajahamishiwa hospitali ya kusini. Siku ya kwanza walilalamikia kelele za msumeno, siku ya pili wakaleta meza yao ya mguu mbovu, na tangu hapo wakawa ndugu. Hata Fundi alipokwenda kusini alifikia kwao. Msasa alimpigia Nesi, akamwambia anakuja, wasimwambie Fundi, na Jumapili Mwalimu amwite ili wakae wote wanne wamweke sawa. Nesi akasema, "Njoo tu, dada."

Walimpokea vizuri, vizuri kupita kiasi. Nesi alimvua viatu kwa mkono wake kama mtoto aliyetoka shule. Mwalimu alimpa mkono, akausahau mkono wa shemeji yake ndani ya wake, akabaki kuutikisa huku akiuliza habari za njiani mara tatu. Umeme ulikuwa umekatika. Sebuleni waliwasha mshumaa, na kwenye mwanga huo zilionekana sare nyeupe za Nesi zikining'inia kwenye kamba iliyopita juu ya makochi, maana nje hakuna kilichokauka kwa siku tatu, na ndoo mbili zimetegwa chini ya bati lililovuja. Walikunywa chai, wakala mayai, wakazungumza habari za watu wote waliowahi kukaa mtaa ule wa zamani, waliooa, walioachana, waliokufa. Msasa alipouliza habari za Fundi, Mwalimu alijibu kwamba yupo, yupo mzima kabisa, akainuka kwenda kusogeza ndoo ambayo haikuwa na haja ya kusogezwa.

Baadaye ndipo Msasa alipojua jinsi walivyohangaika mchana wa Ijumaa ile. Walikuwa wameondoa picha moja ukutani. Walikuwa wameficha kandambili za kike zisizo za Nesi. Walikuwa wamemwomba hata jirani, mama mwenye mdomo usio na mlango, asikanyage kwao hadi Jumatatu. Walifikiria kila kitu, isipokuwa kitanda. Chumba cha wageni kilikuwa na kitanda kipya, kazi ya Fundi, zawadi aliyowapa kwa kumpokea, na walidhani, maskini, kwamba mke atafurahi kulala juu ya kazi ya mumewe. Mgeni mwingine yeyote angelala tu. Hata Msasa siku ya kwanza alilala, kwa kuwa kulikuwa giza na safari ilikuwa imemmaliza.

Jumamosi mwanga uliingia wa kijivu kupitia pazia, na mkono wake ukagusa ubao wa kichwani kabla hajafungua macho sawasawa. Akajua. Vidole vilipita kwenye pembe, vikakuta kabari nyembamba ya mbao nyeusi iliyofungia kiungo, na hakuna seremala mwingine aliyemfahamu ambaye angejisumbua kutia kabari mahali ambapo gundi ingetosha. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Miezi tisa hakugusa kitu kipya kilichotoka mikononi mwa mume wake, na sasa amekilalia usiku kucha bila habari. Akainuka akae akitazame vizuri.

Ubao wote wa kichwani ulikuwa umeota weupe.

Vanishi ya spiriti ina adui mmoja, naye ni unyevu. Ukiipaka hewa ikiwa imejaa maji, yale maji yanafungiwa humo ndani, na kazi yako inabaki na ukungu kama kioo ulichokipulizia pumzi. Karakana yao ilikuwa na amri moja tu, na aliyeitoa ni Msasa: mvua ikinyesha hakuna kupaka. Wateja waligomba, maharusi walikosa makabati yao, Fundi mwenyewe alikuwa akizunguka karakana akipiga miluzi ya hasira, na Msasa alikuwa anakaa kwenye kigoda, mikono kifuani, anangoja jua. Kwa hiyo huyu aliyepaka hapa hakuwa na wa kumkataza, au aliyekuwepo hakutaka kumkataza.

Akajiambia kwamba ni wale watu wa chuo, vibarua. Akajiambia hivyo huku tayari anakivuta kitanda kutoka ukutani. Kibarua hapaki nyuma. Kibarua anapaka panapoonekana, anachukua chake, anakwenda. Msasa ndiye aliyekuwa anapaka nyuma ya makabati na chini ya meza, mahali ambapo hataona mtu hadi siku ya kuhama, na watu walimcheka kwa hilo. Akainama nyuma ya ubao. Nyuma palikuwa pamepakwa, kote, hadi kwenye chaga. Tena mpako wa mwisho ulianzia katikati ukaenda pembeni, upande huu na upande huu, ili vanishi isijikusanye kwenye kona ikadondoka. Namna hiyo Msasa hakufundishwa na mtu, aliibuni mwenyewe, na aliyewahi kumwona akiifanya kutwa nzima kwa miaka kumi na tisa ni mtu mmoja tu. Huyo mtu amesimama nyuma ya mtu mwingine, amemwonyesha. Chini kidogo ya ukingo palikuwa na unywele mrefu, umeganda ndani ya vanishi.

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wenye unyevu. Hakulia. Alisikia mvua juu ya bati na Mwalimu akikohoa sebuleni kikohozi cha uongo cha kutaka kujua kama mgeni ameamka.

Alimkuta Nesi jikoni anapiga sare mbichi pasi ya mkaa ili zikauke, mvuke umemjaa usoni. Msasa alisimama mlangoni. Hakusalimia.

"Ni nani?" aliuliza.

Nesi hakujifanya hajaelewa, na hilo lazima ahesabiwe kwa wema. Aliendelea kupitisha pasi akaeleza, macho yakiwa kwenye kola. Ni karani wa duka la mbao, pale Fundi aliponunua mbao za chuo. Mjane. Wamepanga vyumba viwili ng'ambo ya daraja tangu mwezi wa nne. Kazi ya chuo iliisha zamani, sasa Fundi ana banda lake huko na yule mama anamsaidia jioni akitoka dukani. Jumapili nyingi wanakuja hapa kula. Si mtu mbaya, Nesi alisema, na akaonekana kujuta papo hapo kwa kusema.

"Umempikia?"

"Nimempikia."

"Mara ngapi?"

"Dada, usinihesabishe."

Hapo Msasa alimpa za uso. Alimwambia alivyomfikiria kwa miaka kumi na nne na anavyomfikiria dakika hii, akamkumbusha nani alilala naye hospitali mimba zilipoharibika, akamuuliza kama kule kwenye sahani za Jumapili walimzungumza yeye au walimruka kama kinyesi njiani. Nesi alipokea yote. Alisema walimbana Fundi tangu mwanzo, nenda ukamwambie mwenyewe mkeo, naye kila mwezi akaahidi mwezi ujao. Alisema wao wenyewe midomo iliwashinda kufungua. Na Msasa alipopiga simu kwamba anakuja, Nesi aliona afadhali ayasikie hapa, yeye akiwa karibu, kuliko kuyasikia peke yake kwenye karakana.

"Ulinionea huruma au ulinionea aibu?" Msasa alimuuliza.

"Vyote viwili," Nesi akasema, akaanza kulia, na pasi ikabaki imesimama juu ya kola. Ni Msasa aliyeona moshi. Aliruka akainyakua, lakini sare ilikuwa imeshapigwa muhuri wa kahawia shingoni, na wakabaki wanaitazama, mmoja analia, mwingine kashika pasi. Hawakukumbatiana. Msasa aliiweka pasi wima, akachukua sare ya pili, akaanza kuinyoosha, kwa sababu Jumatatu rafiki yake angehitaji kwenda kazini na kitu.

Siku ile haikuwa na pa kwenda. Mtaa uligeuka mto wa tope, mbele ya nyumba watu walipita wamevua viatu, wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Ndani walikaa watatu kwenye sebule inayonuka nguo mbichi. Mwalimu alijificha nyuma ya gazeti la wiki iliyopita hadi Msasa alipomwambia kwamba ukurasa ule ameshausoma mara nne, auweke chini. Akauweka. Alikuwa mtu mpole ambaye alifundisha hesabu maisha yake yote kwa sababu hesabu hazigombani. Msasa alimwambia mpango haujabadilika. Kesho amwite Fundi.

Nesi alimtazama. "Bado unataka kumwona?"

Bado alitaka, na si kwa ajili ya kugombana. Watu wangeshangaa, lakini jioni ile ya Jumamosi Msasa alikuwa na matumaini kuliko alivyokuwa nayo kwenye basi, na yaliyompa matumaini ni ule weupe wenyewe.

Fundi hakuwa mtu wa kusifu. Kitu kikiwa na kasoro, alikuja upande wa Msasa, akaweka kidole pale penye kasoro, akaondoka. Kikiwa hakina, alikizunguka mara moja, akaenda kuosha mikono. Basi. Mwaka ule Msasa ana mimba ya miezi sita, kulikuwa na kabati la milango mitatu, na kwenye mguu mmoja wa nyuma palikuwa na tone la vanishi lililoganda, dogo kama kichwa cha kiberiti. Fundi aliweka kidole. Msasa alilikwangua kabati zima, siku nne, akalipaka upya, na kisa hicho alikisimulia kwa watu miaka yote kwa kicheko na kwa kujivuna. Kuwekewa kidole kulimpata mara nne tu katika miaka kumi na tisa. Siku nyingine zote alizozungukwa kimya kimya alizihesabu kwamba amesifiwa, na alilala nazo vizuri. Mwanamume aliyeweza kukuumiza kwa ajili ya tone moja, alijua Msasa, ni kwa sababu anakujali wewe na mikono yako.

Sasa mtu huyo huyo ameona ubao mzima umeota weupe, na ameuacha. Hakuweka kidole. Hakumkwanguza mtu. Amekitia kwenye gari akawaletea marafiki. Maana yake nini, Msasa alijiuliza akiwa amelala na uso umeelekea ubao ule, kama si kwamba hajali? Hajali ile kazi na hajali aliyeifanya. Ni upweke tu, ni mvua, ni mtu wa kumpikia. Mambo kama hayo yanasameheka, na yeye alikuwa tayari kusamehe, hata vile vyumba viwili, hata yale masomo ya kupaka nyuma. Alipiga moyo konde. Kesho angemwambia twende, naye angekuja.

Mwalimu, aliyeogopa ugomvi kama wengine wanavyoogopa nyoka, alimdanganya Fundi kwenye simu. Alimwambia kitanda kimeota weupe, njoo ukiangalie. Kwa hiyo Jumapili saa nne asubuhi Fundi aliingia na koti la mvua linalotiririka, chupa ya spiriti mkono mmoja na furushi la pamba mkono wa pili, akapiga hodi, akaenda moja kwa moja chumba cha wageni kama mtu wa nyumba. Msasa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Nesi na mumewe waliyeyukia jikoni. Fundi alisimama, maji yakimdondoka sakafuni.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Alikuwa amenawiri. Hilo Msasa hakulitegemea. Alikuwa ametegemea mtu aliyekonda, mwenye ndevu, mtu wa kuhurumiwa, na mbele yake alisimama mume wake kama alivyokuwa miaka kumi nyuma, shati limenyooshwa, shingo imejaa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoroka, likabaki moja.

"Nimekuja kukuchukua."

Fundi hakujibu. Msasa aliujua ukimya wa mtu huyu kuliko alivyoijua sauti yake, aina zote, na huu aliutambua mara ulipoanza. Hata hivyo aliuacha ukae, akauacha uendelee kukaa, akitumaini kwamba huku kusini labda una maana nyingine. Haukuwa nayo. Fundi aliinama akaweka chupa sakafuni polepole.

"Huu weupe uliuona?" Msasa aliuliza.

"Niliuona."

"Siku ile ile?"

"Kabla haijakauka. Nilitaka kumwambia angoje jua, nikakuta ameshaanza."

"Ukauacha." Sauti yake ilikuwa na ushindi kidogo, Mungu amsamehe. "Uliuacha kwa sababu hukujali."

Fundi aliutazama ubao. Usoni mwake pakapita kitu ambacho Msasa hakuwa amewahi kukiona, na alikuwa ameutazama uso huo miaka kumi na tisa, kwenye vumbi na kwenye jua. Ulilainika.

"Alikuwa amefurahi," alisema. "Ni kazi yake ya kwanza. Aliniuliza kama ni kizuri, nikamwambia ni kizuri sana."

Mvua ilipiga bati. Jikoni kijiko kiligusa sufuria kisha kikanyamazishwa.

"Mimi sikuwahi kukuuliza."

"Hukuwahi."

"Ningekuuliza ungenijibu?"

Fundi alifikiri. Alikuwa na kasoro zake, lakini juu ya kazi za Msasa hakuwahi kusema uongo, na hata sasa, ambapo uongo mdogo ungekuwa sadaka, hakuuweza. "Sijui," alisema. "Zako hazikuwa na kasoro, Msasa. Ningesema nini?"

"Ungesema hivyo hivyo."

Fundi aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alichuna pamba, akaifungua chupa, akamimina spiriti juu yake mpaka ikachuruzika kwenye vidole. Alisogea kwenye ubao na lile donge linalotiririka. Alikuwa anakwenda kuyeyusha vanishi yote, kuifanya uji. Miaka kumi na tisa kwenye karakana moja, na hakujua hata hilo. Msasa aliona vile mkono unavyokwenda, akajaribu kuuacha uende. Hakuweza.

"Lete," alisema.

Alikamua pamba, akachana kipande cha shuka kuukuu ambacho Nesi alikifanya tambara la dirisha, akafunga pamba ndani yake, akaikaza hadi ikabaki na unyevu tu, ule unaousikia kwa shida ukiigusisha mdomoni. Akapiga magoti juu ya godoro. Weupe wa vanishi unaondoka ukiujulia: unapita juu yake haraka, mkono mwepesi, bila kusimama, spiriti inaamsha vanishi kidogo tu, yale maji yaliyofungiwa yanapata njia. Akaanzia katikati, akaenda pembeni. Ukungu ulififia, ukatoka mstari wa mbao, wekundu wake na mishipa yake, kisha mstari mwingine. Fundi alikuwa nyuma yake, akipumua. Kwa muda wa robo saa ilikuwa kama zamani, yeye anafanya na mwenzake amesimama, na Msasa alijichukia kwa jinsi mwili wake ulivyostarehe.

Alipomaliza ubao ulikuwa umeng'aa wote. Alikaa juu ya visigino vyake. Bila kutaka, alingoja mtu azunguke.

"Kimekuwa kizuri," Fundi alisema.

Alilisema kirahisi. Halikumkwama, hakulitafuta, lilimtoka kama linavyomtoka mtu aliyekwisha kulizoea, anayelisema jioni kwa jioni katika vyumba viwili ng'ambo ya daraja. Msasa alilisikia na akajua papo hapo kwamba limechelewa, na kwamba yeye siye aliyemfundisha. Mwanamke mwingine aliuliza swali dogo la kitoto, akajibiwa, mlango ukafunguka. Yeye alikaa nje ya mlango huo miaka kumi na tisa akijisifu kwamba hahitaji kubisha.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, magoti juu ya godoro, tambara mkononi, akisikia aibu na asiweze kuacha, akililia kabati la milango mitatu na binti aliyekuwa tumboni na kila meza iliyotoka karakana ile bila neno. Fundi alimwekea mkono begani. Akalitoa bega.

"Sikujua," Fundi alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani unajua."

"Nilidhani hivyo pia."

Alipangusa uso kwa kanga ya Nesi iliyokuwa kitandani. Nje mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu, ile hali ambayo mwenye safari huitumia kuondoka kabla haijarudi. Kwanza Msasa alifikiri kwamba bado anaweza kumwomba, kwamba anaweza kumshika mguu ule uliolowa akamwambia nami nifunzwe, nami nitakuuliza kila siku. Alifikiri hivyo kweli, akaona angeweza hata kulifanya, na ndipo alipoogopa.

"Nenda nyumbani," alimwambia.

Alimaanisha vile vyumba ng'ambo ya daraja, na Fundi naye alielewa hivyo, kwa sababu hakuuliza ni wapi. Alichukua koti lake la mvua, akaenda.